Kobe wa Ramani

Kinanda alikwenda kwa mwokaji kukopa mkate, wala hakwenda kutafuta riziki, na pengine ndiyo maana riziki ilimjia bila kubisha hodi. Mwokaji alimwambia asubiri uani mpaka wateja wanaolipa waishe. Kinanda hakuona tusi lolote katika maneno hayo. Alikwenda akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akanyoosha miguu kama mgeni rasmi.

Jina la Kinanda alipewa mtaani kwa sababu ya ulimi wake. Ukimkalisha na mtu yeyote, akimgusa hapa na pale kwa maneno, mtu huyo anaanza kutoa sauti Kinanda anazozitaka, na kwa kawaida anatoa na kitu kingine mfukoni. Kazi nyingine hakuwa nayo, ingawa kadi za kazi alikuwa nazo za kutosha, na kila moja ilimtaja kwa cheo tofauti.

Pale uani, chini ya ukuta ulioegemeana na tanuri, mwokaji alikuwa na kibustani cha mboga na kobe wawili wakubwa ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakiharakisha jambo. Asubuhi hiyo watoto wao walikuwa wameibuka kutoka kwenye udongo, wadogo wa kutosha kukaa wawili katika kiganja kimoja. Kinanda hakuwahi kujali mnyama ambaye hajaletwa kwenye sahani, lakini njaa humfanya mtu achungulie kila kitu. Akachuchumaa. Wote walikuwa na vipande vipana mgongoni, vimepangwa vizuri kwa mstari mnyoofu, isipokuwa mmoja. Huyo vipande vyake vilikuwa vidogo, vingi, vimepinda na kubanana, na mistari ya manjano ilipita katikati yake ikikatiza na kuungana, kama ramani ya nchi yenye mito mingi na wakuu wa wilaya wasioelewana.

"Huyu amekanyagwa?" Kinanda aliuliza mwokaji alipotoka na mkate.

"Hajakanyagwa. Kazaliwa hivyo. Ukuta huu unachemka. Nikioka sana wakati mayai yako chini, wanatoka wengine namna hiyo, gamba limevurugika."

"Na wewe unawafanyia nini?"

"Nawapa majani. Ulitaka niwafanyie nini?"

Kinanda alinyamaza, na waliomfahamu wangejua kwamba hapo ndipo pa kushika pochi. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa moyo kwamba angependa kumlea huyo mdogo, yatima wa joto.

"Wewe?" mwokaji akamtazama toka juu mpaka chini. "Wewe mwenyewe unalelewa na dada yako." Lakini alikuwa na mikate ndani inayoungua, kwa hiyo alimpa, akamwagiza ampe majani, jua na maji ya kina kifupi, akarudi kwenye tanuri lake.

Sasa inabidi tumtaje dada, kwa sababu bila yeye hadithi hii ingekuwa ya mjanja mwingine tu, na wajanja tunao wa kutosha. Dada alikuwa mshonaji. Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga: kimoja wateja na vitambaa, kingine yeye na mdogo wake, wametenganishwa na pazia. Na alikuwa na cherehani ya marehemu mama yao, ya chuma, nzito, ambayo ilikuwa imewalisha wote wawili tangu wakiwa wadogo. Nasema alikuwa nayo. Majuma machache nyuma, Kinanda aliona nafasi ya kuuza miavuli inayojifungua yenyewe, na kwa kuwa biashara inataka mtaji, aliibeba cherehani dada akiwa sokoni akaiweka rehani kwenye duka la vitu vilivyotumika. Miavuli ile kweli ilijifungua yenyewe, tena ndani ya mabasi. Dada aliambiwa kwamba cherehani iko kwa fundi, inasubiri kipuri.

Dada aliamini. Lakini shule ya jirani ilikuwa imempa kazi ya kushona sare, kazi ambayo alikuwa ameiomba miaka mingi, na sare zilitakiwa Jumatatu. Kila jioni aliuliza kipuri kimefika wapi, na kila jioni Kinanda alikisafirisha kidogo, leo bandarini, kesho barabarani. Jumatatu ikifika bila sare, dada angepoteza kazi ya shule, na angejua cherehani imekwenda wapi. Hilo la kujua ndilo lililomnyima Kinanda usingizi. Alikuwa amewadanganya watu wa kila aina bila moyo kumdunda, lakini huyu dada, Kinanda alikuwa anamwogopa, na zaidi ya hapo alikuwa anampenda, jambo ambalo linaharibu kabisa kazi ya utapeli.

Basi alimweka kobe kwenye boksi la viatu lenye matundu, akavaa shati lake la mifuko mingi, ile mifuko inayomfanya mtu aonekane ameacha gari msituni, akaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa na duka kubwa la vigae na marumaru, na pia aliongoza chama cha wakazi wa mtaa, cheo ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Aliishi kwa hofu moja tu: kwamba jirani yake, Mwenye Mageti, angepata kitu kabla yake. Mwenyekiti aliweka simba wawili wa saruji langoni. Mwenye Mageti akaweka simba wanne, wenye taa machoni. Tangu siku hiyo Mwenyekiti alikuwa hali akashiba.

"Shikamoo, mzee," Kinanda alisema. "Naomba kigae kimoja. Kisiwe na utelezi, na kisiwe cha baridi."

"Marahaba. Kimoja? Unamjengea nani, panya?"

"Samahani, mzee. Siruhusiwi kusema." Akalisogeza boksi kwapani.

Hakuna dawa kali kwa mtu mwenye mali kama kumwambia huruhusiwi kumwambia. Mwenyekiti alizunguka meza. Akaagiza chai iletwe. Akauliza kama boksi lile si zito, akasema linaweza kuwekwa hapa mezani, hapa ni nyumbani. Kinanda alikataa, akakataa tena, kisha akafungua kifuniko kidogo tu, kwa jinsi mtu anavyofungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Kobe," Mwenyekiti alisema, kama aliyeporwa.

"Ndiyo, kobe. Watu wengi wanaishia hapo." Kinanda akafunika. "Asante kwa chai, mzee."

"Subiri. Kwani ana nini?"

"Mzee, wewe ni mtu wa vigae. Sikufundishi mimi. Kobe wa kawaida hapa katikati ya mgongo ana vipande vitano, umpate popote. Hebu mhesabu huyu." Hili la vitano lilikuwa kweli, kwa sababu Kinanda alivihesabu kwa ndugu wote wa kobe huyo uani kwa mwokaji. Mjanja mzuri huweka ukweli mmoja chini, kama jiwe la msingi, halafu anajenga anachotaka.

Mwenyekiti alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akapata vinane. Akavaa miwani, akapata tisa. Kobe akatoa kichwa, akamtazama, akakirudisha ndani.

"Anaitwaje?"

Hapo Kinanda alikwama nusu pumzi, maana jina hakulifikiria. Nyuma ya Mwenyekiti, ukutani, ilining'inia ramani ya mji ya kupelekea mizigo. "Kobe wa Ramani," alisema. "Kitaalamu, Kobusi ramanikusi."

Mwenyekiti alitikisa kichwa polepole kwa kukubali. "Nilishawahi kumsikia," alisema.

Naomba tumheshimu mzee wa watu kwa sentensi hiyo. Mnyama wa jina hilo alikuwa na umri wa kumeza mate mara moja, lakini tayari alikuwa na mtu aliyemfahamu.

Yaliyobaki yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Kinanda alieleza kwamba yeye ni mtafiti, kwamba taasisi yake inamtafutia kobe mlezi mwenye nyumba yenye hadhi, kwamba anazaliwa mmoja kila baada ya vizazi kadhaa, kwamba hali majani ya umande wa jana, na kwamba nchi za nje watu wanauza majumba ili wampate. Hapa, kwa bahati, alikuwa ameshapatikana mtu. Ni huyo bwana wa mageti, nyumba ya tatu kutoka hapa, yenye simba.

Mwenyekiti aliinuka akafunga mlango wa duka kwa ufunguo. Kinanda alipotoka, boksi lilibaki ndani na mifuko yote ya shati ilikuwa imejaa fedha. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa sakafuni, anajaribu kigae gani kinamfaa mgeni.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mtu mwenye akili angekwenda palepale kukomboa cherehani, na Kinanda alikusudia hivyo kabisa, ila njiani kulikuwa na kinyozi, na baada ya kinyozi kulikuwa na duka la viatu. Alinunua jozi moja ya ngozi, ya kahawia, yenye sauti nzuri sakafuni, na vile vya zamani akaviacha kwenye pipa la muuzaji. Fedha zilizobaki zilitosha kuikomboa cherehani na ziada. Ijumaa alilala. Usiku dada alimuuliza kipuri kimefika wapi, akajibu kwa furaha ya kweli kwamba kesho kinafungwa. Dada alimtazama, akavuta pazia.

Jumamosi asubuhi aliondoka kwenda kukomboa. Akapitia kwanza kwenye mgahawa anaoshinda kila siku, kwa sababu mtu mwenye viatu vile hawezi kupita bila kuonwa, na pale ndipo alipomkuta mama mmoja mgeni.

Alikuwa mtu mzima, na miwani minene yenye uzi, kofia ya jua na gauni lenye heshima zake. Mezani alikuwa ametandaza kitabu cha picha za wanyama na lenzi kubwa ya kukuzia. Alikuwa anamuuliza mhudumu jambo kwa sauti ya kuvuta subira.

"Mwanangu, sikuulizi kobe wa kula. Nauliza kama kuna mtu hapa mjini amewahi kumwona Kobusi ramanikusi."

Kikombe cha Kinanda kilisimama katikati ya meza na mdomo. Alihisi nywele zimesimama chini ya kazi mpya ya kinyozi. Jina lile alilitunga yeye, kwa kutazama ukuta, wala hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyepata kulisikia ila Mwenyekiti. Mtu mwingine yeyote angejiuliza, basi huyu mama kalisikia kwa nani. Kinanda, ambaye aliwatoa wengi kwenye njia kwa kutumia swali dogo kuliko hilo, hakujiuliza. Alichojiambia ni kwamba kumbe yupo. Kumbe siku ile hakutunga; alikumbuka.

"Mama, shikamoo," alisema, ameshavuta kiti. "Unamtafutia nini?"

"Marahaba. Namnunua. Nimezunguka nchi nyingi kwa ajili yake. Mgongo wenye vipande zaidi ya vitano, mistari ya manjano. Unamfahamu?"

"Kidogo," Kinanda akasema kwa unyenyekevu wa kitaalamu.

Yule mama alitaja bei. Aliitaja kwa utulivu, huku anafuta lenzi kwa pindo la kofia, na ilikuwa bei ya kununua duka zima la vitu vilivyotumika pamoja na mwenyewe. Angekuwa hapa kesho alasiri, alisema, kisha anaondoka, na asipompata basi, atakwenda kumtafuta kwingine.

Kinanda alikimbia. Alilipita duka lenye cherehani bila kugeuza shingo. Ni haki kusema kwamba alimfikiria dada yake njia nzima: alimnunulia cherehani mpya ya umeme, akamhamisha kwenye nyumba yenye vyumba vinne, akamwajiria wasichana wa kumkatia vitambaa. Yote haya aliyafanya kabla hajafika kona ya pili.

Mwenyekiti alimpokea kwa huzuni. "Mtafiti, umekuja kumtembelea? Amezoea. Usiku anaamka nikimwita."

"Mzee, kumetokea jambo. Taasisi inamtaka arudi. Nitakurudishia fedha yako yote."

"Fedha?" Mwenyekiti alimtazama kama aliyetajiwa ugonjwa. "Mtu anauza mtoto wake?"

Ilichukua muda mrefu. Kinanda alitoa alichopokea, pungufu ya kinyozi na viatu, na Mwenyekiti akatikisa kichwa. Akaongeza simu yake. Mwenyekiti aliikagua, akasema mke wake anaweza kuifurahia, lakini yeye mwenyewe, kama baba, bado roho inamuuma. Macho yake yalishuka taratibu mpaka sakafuni.

"Viatu hivyo ni ngozi?"

"Mzee, hivi nimevinunua juzi."

"Mimi nilimnunua juzi pia."

Kinanda alitoka na boksi mkononi, miguu mitupu, anaruka ruka kwenye lami iliyopata jua. Nyuma yake alisikia Mwenyekiti akivijaribu viatu kwenye marumaru, kwenda na kurudi. Sauti ya viatu vile ilikuwa nzuri kweli.

Jumapili aliingia mgahawani mapema, akavaa ndara alizoazima kwa mhudumu. Alimpa kobe majani mabichi. Alasiri ilifika. Yule mama hakufika. Kinanda aliagiza chai, akaagiza nyingine, akamuuliza mhudumu kama saa ya ukutani ni nzima. Wateja wa mchana wakaondoka, wa jioni wakaingia. Kobe alikula akamaliza, akalala. Mhudumu alianza kupandisha viti juu ya meza, akaomba ndara zake, akasema kwa upole, "Kaka, nadhani mgeni wako amepotea njia."

Hapo ndipo ilipomwingia. Alikuwa ameufanya mchezo huu mwenyewe, mara mbili kwa saa za mkononi na mara moja kwa mbwa: kitu kinauzwa, anatokea mtaka kitu, mwenye tamaa anakimbilia kununua, mtaka kitu anayeyuka. Aliingia mkenge alioufuma kwa mikono yake. Lakini si hilo lililomuuma zaidi. Kesho ilikuwa Jumatatu. Cherehani ya mama ilikuwa kwenye duka la watu, na yeye hakuwa na senti ya kuitoa. Alilia kidogo njiani, kwa aibu, na hakuna aliyemwona isipokuwa kobe.

Aliamua kusema kweli. Lilikuwa jambo geni, kwa hiyo alilifanyia mazoezi: "Dada, nimekukosea." Alilijaribu kwa sauti tatu tofauti na zote zilisikika za uongo. Alikuwa bado analitengeneza alipofika mlangoni akasikia, kutoka ndani, cherehani ikilia.

Hakuna cherehani nyingine iliyokuwa na ule mlio, wa chuma, wenye kukwama kidogo kila gurudumu linapozunguka. Alisukuma mlango. Dada alikuwa ameinama juu yake, sare za shule zimejaa kitandani. Katikati ya chumba, juu ya kigoda, alisimama yule mama wa miwani katika gauni jipya, pini zimemzunguka upindo mzima.

"Mtafiti," mama alisema. "Karibu. Samahani kwa jana na leo, nilikuwa nasubiri kupimwa."

Dada hakuinua kichwa. "Huyo ni shemeji yake Mwenyekiti, mwalimu mstaafu. Gauni ni malipo yake. Mwamkie."

"Shikamoo," Kinanda akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nilifurahi sana."

"Ijumaa Mwenyekiti aliniita nikampimie madirisha kwa ajili ya mapazia," dada aliendelea, mguu wake hauachi kukanyaga. "Kabla sijatoa tepu akanionyesha kobe. Akanisimulia maneno yote ya mtafiti. Alipofika kwenye majani ya umande wa jana nikakaa chini. Nimekulia na huo ulimi, mdogo wangu. Nikajua, na nikajua kwamba mtu anayehangaika namna hiyo hana cherehani kwa fundi. Nikazunguka maduka mpaka nikaiona. Nilisimama pale dirishani nikalia, watu wananitazama. Nataka ulijue hilo."

Kinanda aliliweka boksi kitandani, kando ya sare, akafungua kifuniko.

"Mwenyekiti alitaka polisi. Nikamwambia sawa, lakini polisi wakija, Mwenye Mageti atataka kujua wamefuata nini. Akapoa. Tukakubaliana: shemeji yake aende mgahawani kwako kumuulizia kobe, na wewe ukirudisha fedha, kwanza inaikomboa cherehani ya mama, inayobaki yake. Simu na viatu alijiongezea mwenyewe, mimi sikumtuma."

"Dada, nimekukosea," Kinanda alisema. Safari hii sauti ilitoka yenyewe, na ilikuwa mbaya, na dada akaacha kukanyaga.

Kobe alitoka kwenye boksi, akapanda polepole juu ya kola ya sare na mgongo wake uliovurugika, akasimama hapo.

"Kitu kimoja tu sielewi," Kinanda alisema baadaye, kwa sauti ya chini, akimtazama yule mama. "Ulilitaja jina lake lenyewe."

"Jina ulilitunga wewe," dada akasema.

"Najua. Ndiyo maana niliamini."

Yule mama alicheka mpaka pini ikamchoma. Dada hakucheka, ingawa mdomo ulimtetemeka upande mmoja. Alisogeza kwake rundo la mashati, kopo la vifungo na sindano iliyokwishatungwa uzi.

"Kaa," alisema. "Sare zinatakiwa kesho, na wewe leo huna viatu vya kutokea."